Urefu wa Tela na Shehena za Nyanda za Juu

Mfanyabiashara wa Mafinga, wa Makambako au wa Mbeya anaponuia kununua tela la kubebea mizigo, aghalabu swali la kwanza linalomtoka kinywani ni urefu wake, na jibu limpendezalo zaidi ni lile lenye tarakimu kubwa, kwa sababu amekwisha kujiaminisha kwamba kila mita itakayoongezwa katika sakafu itamrudishia nauli yake maradufu. Rai hii imeenea mno katika Nyanda za Juu Kusini, na nimeisikia ikitetewa na watu wenye akili timamu na tajiriba ya miaka mingi katika kazi ya uchukuzi, watu ambao siwezi kuwadharau. Lakini naiona kuwa ni rai inayowatia hasara wao wenyewe, inayowataabisha madereva na utingo wao, na inayoiharibu barabara ambayo mkulima wa viazi wa Uporoto na mpasua mbao wa Mufindi wanaitegemea kwa riziki zao. Na kwa kuwa fedha za kununulia tela mara nyingi ni za mkopo, ambao dhamana yake ni nyumba au shamba la jamaa, jambo hili lastahili kujadiliwa hadharani na kwa hesabu, lisiachwe mikononi mwa madalali.

Njia yetu hii haijapata kuwa njia ya shehena ya aina moja. Serikali ya walowezi wa Rhodesia ilipojitangazia uhuru wake tarehe 11 Novemba 1965, na Zambia ikajikuta haina tena njia ya kuaminika ya kusini ya kupitishia mafuta yake, malori ndiyo yaliyoingia kati: yalipakia mapipa ya petroli na dizeli Dar es Salaam, yakavuka Mikumi, yakapanda mlima wa Kitonga, yakapita Iringa na Mbeya hadi Tunduma na mbele yake, kisha yakateremka na shaba, katika barabara ambayo masafa yake mengi wakati ule yalikuwa ya udongo, vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Mwaka 1966 Tanzania na Zambia ziliunda shirika la pamoja la uchukuzi wa barabarani, likaendesha malori ya Fiat kutoka Italia, bomba la mafuta la TAZAMA likakamilika mwaka 1968, likayapunguzia malori taabu ya mapipa, lami ikafuata, na reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860 baina ya Dar es Salaam na Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa mwaka 1976. Wale waliopakia malori ya siku zile walikuwa na shehena mbili zisizofanana hata kidogo, pipa lililo jepesi kwa ukubwa wake likipanda, na shaba iliyo nzito kwa udogo wake ikiteremka, ilhali sakafu ilikuwa ile ile moja. Pipa la lita 200 lina kipenyo cha sentimita 58 hivi, na mapipa manne yakisimamishwa bega kwa bega hujaza upana wa lori. Ama tani 30 za shaba, lau zingeyeyushwa na kutandazwa sawasawa juu ya sakafu ya tela la leo, kimo chake kisingezidi nusu ya shubiri. Tatizo la kuchagua sakafu itakayoafiki shehena ya kwenda na shehena ya kurudi lilianza hapo, na hata leo tungali nalo.

Leo hii limezidi kuwa zito, maana shehena zimeongezeka. Mafinga hutoa mbao za msonobari kutoka Sao Hill, ambalo ndilo shamba kubwa kuliko yote ya miti ya Serikali katika nchi yetu, pamoja na nguzo za umeme za mikaratusi na plaiwudi za viwanda vilivyoota kandokando ya mji, Mgololo hutoa karatasi, Mufindi na Rungwe chai, Usangu na Kyela mchele, Njombe na Uporoto viazi, Mbozi kahawa na mahindi, Songwe saruji. Kutoka pwani hupanda mbolea, nondo, mabati, mitambo ya kwenda migodi ya Zambia na Kongo, na makontena ambayo mchukuzi hajui mna nini ndani yake mpaka asome hati. Mwenye tela moja au mawili, na wengi wa wachukuzi wetu ndivyo walivyo, hana uwezo wa kusema kwamba yeye ni mtu wa mbao tu au wa saruji tu, kwa sababu nauli ya upande mmoja hailipi dizeli ya pande mbili, na tela lirudilo tupu kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, masafa yazidiyo kilomita 800, limekwisha kula faida yote ya safari ya kwenda. Kwa hiyo atafutaye vipimo vya tela hatafuti vipimo vya shehena anayoipenda. Atafuta vipimo vitakavyozikubali shehena nyingi iwezekanavyo, bila ya kuidhulumu hata moja.

Vipimo hivyo vipo. Kontena la futi 40 lina urefu wa mita 12.19 na upana wa mita 2.44. Makontena mawili ya futi 20, kila moja likiwa na mita 6.06, yakipangwa moja nyuma ya jingine huchukua zaidi kidogo ya mita 12.1. Nondo hutoka kiwandani zikiwa na mita 12. Nguzo nyingi za umeme za kawaida huwa baina ya mita 9 na 12. Plaiwudi ina futi 8 kwa 4, yaani mita 2.44 kwa 1.22, kwa hiyo marundo mawili yaliyowekwa ubavu kwa ubavu hutimiza mita 2.44 za upana, na marundo matano yaliyofuatana hutimiza mita 12.2 za urefu. Mbao za Mafinga zinazouzwa kwa futi 12 zikifungwa mafungu matatu yafuatanayo hufika takriban mita 11. Mtu akizitazama tarakimu hizi kwa utulivu ataona kwamba shehena zilizotoka katika viwanda na misitu mbalimbali, zisizojuana wala kushauriana, zote zinakutana mahali pamoja: sakafu ya mita 12.5 kwa mita 2.5 huzipokea zote, na huacha nafasi ya kufungia kamba.

Ndugu zetu wapendao urefu wanasema: basi tuchukue lile la mita 13.6, kwani aongezaye hapungukiwi. Nami nauliza, mita hiyo moja na ushei itabeba nini? Rundo la sita la plaiwudi ladai futi 48, yaani mita 14.63, na fungu la nne la mbao za futi 12 ladai hizo hizo futi 48. Yote mawili hayapatikani katika mita 13.6, na mahali palipoongezwa hukaa wazi, au hujazwa vipande vya mbao vilivyosukumwa humo ili macho yaridhike. Kontena halikui kwa sababu tela limekua. Nondo hazirefuki. Kilichoongezeka ni chuma na mbao za sakafu, ambavyo mwenye tela amevilipia mara moja aliponunua, na atavilipia tena kwa dizeli kila lori lipandapo Kitonga, likiwa na mzigo au likiwa tupu, maisha yake yote.

Upana nao haufai kudharauliwa. Wako mafundi wanaotengeneza sakafu ya mita 2.4 kwa kubana matumizi, na tofauti ya sentimita 10 haionekani kwa macho. Lakini kontena na plaiwudi vina mita 2.44, basi vyote viwili hutokeza nje ya ukingo, kamba na minyororo ikakaza juu ya kona badala ya kukaza juu ya bodi, na plaiwudi za tabaka la chini zikafika Dar es Salaam zimekatika kingo, mnunuzi akazikataa. Na mbavu za chuma zikitiwa kwa ndani ya sakafu badala ya kwa nje, hata tela la mita 2.5 hugeuka kuwa finyu. Kabla ya kulipa hata senti, mnunuzi na auchukue utepe wake mwenyewe, apime baina ya mbavu na mbavu.

Nimeanza na urefu na upana kwa kuwa ndivyo watu wapendavyo kuanza, lakini kwa haki ilipasa kuanza na uzito, kwa sababu katika barabara yetu uzito ndio unaotangulia kumsimamisha mtu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza tarehe 1 Machi 2019, yaruhusu tani 8 katika ekseli ya mbele ya usukani, tani 18 katika ekseli mbili pacha za kichwa, yaani gari livutalo tela, zenye matairi manne manne, na tani 24 katika ekseli tatu za tela zenye matairi ya namna hiyo hiyo. Jumla yake ni tani 50 kwa lori la ekseli sita. Kichwa kizima kikiwa na dizeli chaweza kufika tani 9, na tela la chuma lenye ekseli tatu tani 7, basi zinazobaki kwa shehena ni tani 34 hivi, na mwenye busara atapakia tani 32 au 33 ili asiingie kwenye mizani ya Wenda au ya Mpemba huku moyo ukimdunda. Hesabu hii ndiyo kiini cha hoja yangu yote. Tela zito kwa tani moja zaidi limemnyima mwenyewe tani moja ya shehena katika kila safari, na urefu wa ziada ni uzito wa ziada, haiwezekani kuwa vinginevyo.

Ukishaijua hesabu ya tani 33, wasaa wa sakafu huacha kuwa jambo la kujivunia. Tani 30 za saruji ni mifuko 600 ya kilo 50, na mifuko hiyo ikilazwa juu ya sakafu ya mita 12.5 hufanya matabaka kama matano, isifike hata kimo cha mita moja. Mbolea ni vivyo hivyo kwa tofauti ndogo. Shaba nimekwisha kuitaja. Shehena hizi, ambazo ni nyingi kuliko nyingine zote katika njia ya Tunduma, humaliza ruhusa ya uzito zamani kabla hazijamaliza nafasi, na mwenye tela refu huzibeba sawa na mwenye tela la wastani, tena kwa upungufu.

Mbao zina hesabu yake mahsusi, na napenda kukawia hapo kidogo, kwa sababu ndizo zinazoleta ugomvi mwingi baina ya wenye malori na wenye viwanda vya Mafinga. Msonobari mkavu una uzito wa kilo 500 hivi kwa mita moja ya ujazo. Tela la mita 12.5 likijazwa mbao hadi kimo cha mita 2.4 kutoka sakafuni, mianya ikiisha kutolewa, hubeba kadiri ya mita za ujazo 65, yaani tani 32 na nusu, na mtu aweza kudhani kwamba fundi aliyelipima tela hilo aliupima kwanza msitu wa Sao Hill. Lakini msonobari uliopasuliwa jana, ambao bado unatoka maji, hufika kilo 800 na hata zaidi kwa mita ile ile. Rundo lile lile, lenye kimo kile kile na idadi ile ile ya vipande, huwa tani 52. Mfanyabiashara aliyelipa kwa kipande huona vipande vyake vimetimia, dereva huona kimo cha kila siku, na wote wawili hushangaa kwenye mizani, huku mashine ikiwa imesema kweli tupu. Tela refu zaidi halimwokoi mtu huyu, bali humzidishia balaa, kwa kumpa mahali pa kuongeza mbao mbichi. Kinachomwokoa ni kuziacha mbao zikauke uani kwa majuma kadhaa, ama kupunguza kimo, na kuandika katika hati ya shehena ujazo pamoja na hali ya mbao zenyewe.

Madhara ya kuzidisha uzito wengi huyachukulia kuwa ni ugomvi wa Serikali na wenye malori, lakini wataalamu waliyapima zamani. Katika majaribio makubwa ya barabara yaliyofanywa Ottawa, jimbo la Illinois, Marekani, baina ya mwaka 1958 na 1960, ilidhihirika kwamba uharibifu wa lami hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Maana yake ni kwamba ekseli iliyozidishiwa sehemu moja katika kumi huharibu barabara kwa karibu mara moja na nusu ya kawaida, na iliyozidishiwa sehemu moja katika tano huiharibu mara mbili. Mashimo ambayo basi la abiria huyakwepa nje ya Igawa, na mifereji ya matairi iliyochimbika katika lami ya milimani, hayakuchimbwa na jua wala na mvua pekee. Na kodi ya kuyaziba hutoka kwa watu ambao hawana hata baiskeli.

Kuna jambo jingine ambalo muuza tela haelezi, nalo ni masafa baina ya kingipini, yaani ile nguzo fupi ya chuma inayoingia katika kichwa, na ekseli za nyuma. Masafa hayo ndiyo yanayogawa mzigo baina ya kichwa na tela. Yakiwa mita 8, kwa mfano, na shehena ya tani 24 ikasogezwa nyuma kwa mita moja tu, tani 3 nzima huhama kutoka katika kichwa zikaenda kulalia ekseli za tela. Jumla haikubadilika hata kwa ratili moja, lakini ekseli zilizokuwa halali zimekuwa haramu. Ndiyo sababu dereva mmoja hupita mizani kwa amani na mwenziwe, mwenye tani zile zile, hushikwa. Manahodha wetu wa pwani walilijua hili katika majahazi tangu kale: shehena nzito huwekwa mahali pake kwanza, farumi hupangwa kwa hesabu, na hakuna kinachotupwa ngamani kwa kuwa tu pana nafasi. Shaba yataka kupangwa kwa uangalifu huo huo, kwa maana mafungu yake yana zaidi ya tani mbili kila moja, na yakilundikwa katikati ya tela refu lenye chesisi nyembamba, chesisi hupinda ikawa haina tena dawa. Yakilundikwa nyuma, kichwa hukosa uzito wa kushika lami katika mpando wakati wa mvua.

Masafa hayo hayo ndiyo yanayoamua tela litapindaje kona. Magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya magurudumu ya mbele. Hukata kwa ndani, na mkato huo hukua takriban kwa mraba wa masafa niliyoyataja, hata yakirefushwa kutoka mita 8 hadi 10, mkato huzidi kwa zaidi ya nusu. Aliyepata kusimama Kitonga, mahali ambapo barabara imebanwa baina ya mwamba na bonde, akaona lori linaloteremka likilazimika kuchukua upande wa wenziwe ili mkia wake usigonge kingo, hahitaji kuelezwa zaidi. Mteremko wa Inyala, karibu na Uyole, umekwisha kuchukua roho za watu wengi. Sisemi kwamba urefu wa tela ndio sababu ya misiba hiyo, maana breki mbovu, mwendo na uchovu vina sehemu yake. Nasema kwamba katika milima kama hii hakuna haja ya kumwongezea dereva hata mita moja asiyoihitaji.

Matela ya mita 13.6 yanayouzwa kwa wingi yakiwa yamekwisha kutumika Ulaya ni kazi nzuri ya mafundi hodari, lakini yalitengenezwa kwa ajili ya vichaga vya mizigo vya Ulaya, ambavyo 33 hukaa sawasawa katika sakafu yake, na kwa ajili ya barabara pana ambazo hazina Kitonga. Mengi yana tairi moja pana kila upande wa ekseli badala ya matairi pacha, na sheria yetu haiyahesabu matairi hayo sawa na pacha. Yana springi za upepo zisizopatana na mawe na vumbi la njia za ndani. Na tairi moja likipasuka Ruaha Mbuyuni saa nane za usiku hakuna pacha wa kulishikia mzigo. Bei yake huvutia, nakubali. Mwenye kazi ya kubeba bidhaa nyepesi kutoka kiwanda hadi ghala, kwa njia ya lami peke yake, aweza kulinunua na asijute.

Hapa napaswa kuwa na insafu kwa wale ambao hoja zangu haziwahusu. Anayebeba magodoro, chupa tupu au vifaa vya plastiki humaliza nafasi kabla ya uzito, naye ana sababu ya haki ya kutaka wasaa. Anayebeba makontena peke yake, mwaka mzima, heri yake anunue skeletoni, tela lisilo na sakafu, lililo jepesi kuliko tela bapa, ila ajue kwamba siku makontena yakiadimika hataweza kupakia hata gunia moja la mahindi. Na wapo wanaopenda puling, yaani lori lenye sakafu yake linalovuta tela jingine nyuma, kwa kuwa likiwa na ekseli saba sheria huliruhusu kufika tani 56. Kwa saruji na mbolea hoja yao ni nzito, lakini sakafu yake imekatika vipande viwili, basi nguzo za mita 12 na nondo haziwezi kulala, na kulirudisha nyuma katika ua wa kiwanda ni kazi inayowashinda hata madereva waliobobea. Ama mitambo mikubwa, ekskaveta na mashine za kuvunia mpunga za Usangu, hiyo isipandishwe kabisa juu ya tela bapa la kawaida ambalo sakafu yake iko mita moja na nusu kutoka ardhini: mtambo wenye kimo cha mita 3 utafika mita 4.5, na upana wake utatokeza pande zote mbili. Hiyo ni kazi ya lobedi, yenye sakafu ya chini, pamoja na kibali chake; na mwenye kupata kazi hiyo mara mbili kwa mwaka na akodi.

Kwa mchukuzi wa kawaida wa Iringa na Mbeya, basi, nashauri tela la mita 12.5 kwa 2.5, ekseli tatu, matairi pacha, springi za chuma ambazo fundi yeyote wa Mbalizi au Ilula aweza kuzitengeneza. Liwe na loki kumi na mbili za kontena, yaani kwa ajili ya futi 40 na kwa ajili ya futi 20 mbili pamoja na futi 20 moja iliyo nzito, ambayo ni lazima ikae katikati ya uzito na si nyuma kabisa. Liwe na mbavu za kufungua na kuondoa, ili mchele na viazi visukumiwe ndani kwa mabega ya wapagazi na plaiwudi zipakiwe kwa foklifti kutoka ubavuni. Na liwe na matundu ya kusimamishia nguzo za chuma pembeni, kwa ajili ya magogo na nguzo za umeme. Mbele liwe na ukuta imara wa chuma, kwani nguzo 60 za mkaratusi zilizofungwa kwa kamba chakavu hazitasimama dereva atakapokanyaga breki ghafla, na katikati yake na shingo ya dereva hakuna kitu kingine. Turubai liwe zima na lizidi kimo cha mzigo, maana mvua ya Rungwe haina subira na upepo wa Makambako hutafuta mahali palipolegea.

Mikataba ya ununuzi wa matela katika miji yetu hutaja rangi, idadi ya matairi na bei. Mnunuzi ana haki ya kudai yaandikwe mambo matatu mengine: uzito wa tela likiwa tupu, uliopimwa kwenye mizani na si ulioandikwa katika karatasi ya tangazo, masafa kutoka kingipini hadi ekseli ya katikati, na upana wa ndani baina ya mbavu. Benki inayotoa mkopo nayo ingefanya insafu kuyadai hayo kabla ya kutoa fedha, kwa sababu tela lisiloweza kubeba tani 33 kihalali halitalipa mkopo wa tela la tani 33.

Na kuna dhuluma moja ambayo hata tela bora kuliko yote haliwezi kuiondoa peke yake. Mpakiaji wa Mafinga hana mahali pa kupima mzigo wake kabla ya kuondoka, isipokuwa awe mteja wa kiwanda chenye mizani yake, na hivyo hujua uzito wa shehena yake kwa mara ya kwanza mbele ya ofisa mwenye mamlaka ya kumtoza na kumwamuru ashushe. Akiamriwa kushusha, hushusha mbao kandokando ya barabara, utingo akazilinda usiku kucha kwa baridi ya Iringa, huku akitafutwa mwenye Fuso wa kuzibeba zilizozidi kwa bei anayoitaka yeye. Halmashauri ya Mji wa Mafinga hukusanya ushuru katika mazao ya misitu yapitayo mbele yake kila siku. Sehemu ndogo ya ushuru huo ingetosha kujenga mizani ya umma karibu na yadi za mbao, inayopima kila kundi la ekseli kwa nafasi yake, kwa ada nafuu, bila ya faini wala polisi, mahali ambapo dereva atasogeza fungu la mbao mita moja mbele, atapima tena, na ataondoka akiwa na karatasi mkononi. Makambako, mahali panapokutana njia ya Songea na njia kuu, pastahili ya pili, na Uyole, yanapoingia malori ya Kyela na Tukuyu, ya tatu.